Uso wa Haliya kwenye Ukuta wa Burabod

Baba yangu alichora kwenye jipni kwa miaka thelathini na moja. Miaka ile, kila gari la abiria lililopita upande wetu wa mlima Mayon lilikuwa na kitu chake ubavuni: farasi anayekimbia na manyoya yanawaka moto, tai, mtakatifu, au jina la mtoto wa dereva limeandikwa kwa herufi zenye vivuli. Nusu ya kazi hizo zilitoka uani kwetu, kwa mkono wa Teodulfo Barrameda. Hata waliomzidi umri walimwita Manoy Dulfo, yaani kaka Dulfo, kwa kuuheshimu mkono huo.

Mama, jina lake Anunciacion, wengi wakimwita Nunsing, alikaa kwenye kigoda pembeni yake. Yeye ndiye aliyefungua makopo, akachanganya rangi kwa kijiti cha mwanzi, akampa. Walifanya kazi kutwa nzima hawasemi maneno kumi. Nilikulia kwenye harufu ya tina na rangi ya mafuta, na nilidhani kila mke wa fundi hufanya hivyo.

Mama alipofariki, baba alizifunga brashi zake kwenye gazeti akaziweka juu ya kabati. Miaka mitatu hakuzigusa. Kuku wakawa ndiyo kazi yake, kuku na kukaa kibarazani. Watu walisema ni majonzi, nami nilisema hivyohivyo. Mimi ni Delfina, mtoto wake wa pekee, na kazi yangu ni kwenye zahanati ya kitongoji: napima presha, napima watoto uzito, na siku za Jumatano nawasimamisha wazee mbele ya karatasi ya herufi kuwapima macho. Hilo la macho naomba ulikumbuke, kwa sababu mwenyewe nikilikumbuka naona haya.

Sasa, Burabod yetu ina ukuta. Ulijengwa kuzuia matope ya mlima yasitufikie mvua kubwa zikinyesha, na kweli unayazuia, lakini ni mrefu na wa kijivu, umeanzia kanisani umekwisha kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Mwaka jana, miezi miwili kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu, Kapitana Bibiana, kiongozi wa kitongoji, alikuja nyumbani jioni na feni ya mkononi akijipepea.

"Manoy Dulfo, ule ukuta umenuna," alisema. "Kila asubuhi napita nauona umenuna. Tumekubaliana tuupake hadithi zetu za kale. Joka la Bakunawa linameza miezi ya angani, Haliya anapigana nalo, yote. Tunataka mkono wako."

"Mkono wangu umekufa ganzi, Kapitana."

"Mkono huohuo niliouona jana umemkaba jogoo wa watu?"

"Jogoo ni jogoo. Kuchora ni kuchora."

Kapitana hakubishana. Alitoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani karibu na sahani ya baba, akaniuliza habari za dawa za minyoo. Ilikuwa michoro ya vijana wa chuo waliojitolea. Baba alijitia haoni. Baadaye akavaa miwani. Baadaye tena akaigeuza karatasi juu chini.

"Hiki nini?"

"Si ndiye Bakunawa huyo?" Kapitana alisema.

"Bakunawa yupi? Huyu ni mjusi ameota mabawa! Hawa watoto wamemtoa kwenye simu. Bakunawa anatoka baharini, ana mdomo kama ziwa, ana mashavu kama samaki. Nani amewaambia anaruka kama popo?"

"Hakuna aliyewaambia. Ndiyo maana nimekuja."

Kesho yake asubuhi nilizikuta brashi zimelowekwa kwenye mkebe.

Rangi zilikusanywa nyumba kwa nyumba. Kila mtu alitoa alichobakiza: rangi ya geti, rangi ya mlango wa choo, rangi ya kaburi la babu. Zilifika kwenye ndoo za mafuta ya kupikia na makopo ya biskuti, hazina hata lebo moja. Vijana wanane wa chuo wakafunga jukwaa la mianzi, na baba akaanza kwa kuchora mistari ya chaki kwenye ukuta wote, peke yake, siku mbili. Sijawahi kuona kitu kama kile. Alitembea na ngazi yake kutoka kanisani hadi uwanjani, na nyuma yake joka likawa linazaliwa, mkunjo baada ya mkunjo, na juu ya joka miezi saba.

Manoy Crisanto, jirani yetu na dereva wa jipni mstaafu, alikaa chini ya jukwaa kila siku kuwasimulia vijana wakifanya kazi. Alikuwa na sauti ya kushinda karaoke.

"Miezi ilikuwa saba," alikuwa akisema. "Bakunawa akapanda kutoka baharini, akaipenda. Akameza mmoja. Mtamu! Akameza wa pili. Akafika sita. Ndipo Haliya, mungu wa kike wa mwezi, akashuka na barakoa yake ya dhahabu, akasimama mbele ya ule wa mwisho. Akamwambia, huu huuli, mpuuzi wewe."

"Kweli alisema mpuuzi, Manoy?" msichana mmoja aliuliza.

"Bibi yangu alisema alisema."

Kazi ilikwenda vizuri. Baba alisema, "Nileteeni nyekundu," vijana wakaleta nyekundu. Alisema, "Nileteeni buluu ya bahari," wakaleta. Akacheka nao, akawafokea, akawafundisha kuvuta mstari kwa bega na si kwa kiganja. Nikirudi kutoka zahanati nilimkuta yuko juu ya jukwaa, madoa ya rangi hadi masikioni, anaimba. Jioni alikula sahani mbili za majani ya magimbi kwa tui zito na pilipili, akalala akikoroma. Nilimshukuru Mungu na Kapitana, kwa mpangilio huo.

Ilibaki sehemu moja, Haliya mwenyewe, katikati ya ukuta, mrefu kuliko nyumba yetu. Mavazi yake vijana waliyapaka, na mkuki, na nywele. Uso baba aliukataza.

"Huo ni wangu," alisema. Akafunga turubai kuanzia juu ya jukwaa hadi chini, akaingia ndani na ndoo sita alizozichagua mwenyewe, hakutaka mtu ampe chochote. Siku tatu. Kapitana alijaribu kuchungulia, akatupiwa kitambaa chenye tina.

Jumapili iliyofuata, wiki moja kabla ya sikukuu, baba alisema yuko tayari. Watu walitoka misa wakamiminika ukutani na nguo zao za kanisani. Jua lilikuwa limeshapanda na mlima ulikuwa wazi hadi ncha. Baba alisimama juu ya jukwaa kwenye shati lake jeupe. Akavuta kamba, turubai likaanguka.

Alikuwa mama.

Sikuhitaji kuambiwa. Lile paji la uso pana, ule mkunjo mmoja wa shavu la kushoto peke yake, yale macho ya mtu anayekaribia kucheka lakini bado anakusikiliza. Alikuwa mama yangu mwenye umri wangu, anatazama juu ya vichwa vyetu kuelekea baharini. Na alikuwa kijani. Kuanzia kwenye nywele hadi shingoni, kijani kama embe bichi.

Halafu Manay Pacing, yule mama anayeuza vitumbua vya mchele mlangoni mwa kanisa, akasema kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Jamani Yesu na Maria, huyu amekula nini?"

Kicheko kilipita kwenye umati mzima. Hakikuwa cha ubaya, lakini kilikuwa kicheko. Na kilichoniuma ni kwamba baba naye alikuwa anatabasamu. Alidhani ni furaha. Alisimama pale juu, mikono kiunoni, akiwatazama watu wanavyompokea mke wake, mpaka tabasamu likaanza kumpungua kidogo kidogo. Nilipanda ngazi haraka.

"Fina, wanacheka nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Pua sijaipatia?"

"Pua umeipatia, baba."

"Macho?"

"Macho ni yake kabisa."

"Basi nini?"

Nilishika mkono wake. "Baba, hii uliyompaka ni rangi gani?"

"Rangi ya mama yako."

"Kwa jina."

Alitazama ukuta. Alitazama ndoo miguuni pake, moja baada ya nyingine. "Kahawia," alisema hatimaye, na alilisema kama mzee anayekisia herufi ya mstari wa mwisho kwenye karatasi yangu ya Jumatano. Ndipo nikaelewa. Nikautazama ukuta, kisha nikamtazama yeye, naye akaelewa. Akashuka ngazi, akaiosha brashi yake kwenye mkebe taratibu kama siku zote, akapita katikati ya watu akaenda nyumbani.

Nilimkuta jikoni, amekaa bila kuvua viatu.

"Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu," alisema kabla sijauliza. "Na kahawia ni binamu yao. Tangu utotoni. Sikumwambia mtu. Nani angempa kazi fundi rangi asiyeona rangi?"

"Mama alijua?"

"Mama yako alijua wiki ya kwanza. Nilimchora Bikira Maria kwenye jipni ya watu, nikampaka mashavu. Akaja kuniletea chakula, wala hatujaoana bado. Akasimama akaangalia. Akaniuliza, 'Dulfo, Bikira anaumwa?'" Alijaribu kucheka ikamshinda. "Kuanzia siku hiyo akawa ananipa makopo yeye. Miaka yote hiyo. Alipokufa sikuwa na huzuni tu, Fina. Nilikuwa naogopa. Na nilipompaka yeye, nikasema uso huu siwezi kukosea. Huu naujua."

Nikayakumbuka mambo mengi kwa mara moja. Baba hajawahi kuchuma pilipili shambani hata siku moja, alikuwa akimwuliza mama, "Hizi zimeiva?" nami nikidhani ni uvivu. Na mimi ndiye mpima macho wa kitongoji.

Mlango ukagongwa na papo hapo ukafunguliwa. Alikuwa Manoy Crisanto, ambaye hodi kwake ni mapambo tu.

"Manoy Dulfo, nimekuja kukuungamia."

"Nenda kwa padri."

"Padri hahusiki. Wewe unaikumbuka jipni yangu ya kwanza? Ulinichorea jogoo."

"Jogoo mwekundu. Mkia mrefu. Ile ilikuwa kazi nzuri."

"Kazi nzuri sana. Ila jogoo alikuwa kijani."

Baba aliinua kichwa. "Alikuwa mwekundu!"

"Alikuwa kijani kama jani la mgomba, Manoy. Nunsing alikuwa amesafiri kwa dada yake mjini Naga, ukaniambia huwezi kungoja, utamaliza mwenyewe. Aliporudi akaona. Akanijia nyumbani na bakuli la magimbi, akaniomba nisikwambie. Yale magimbi ya Nunsing! Wewe mwenyewe ungekataa?"

"Kwa hiyo umeendesha jogoo wa kijani..."

"Miaka kumi na tisa. Na watu walimpenda. Mtu anasimama barabarani anasema, ngoja ije Jogoo Kijani. Hakuna hata abiria mmoja aliyewahi kunipotea."

Baba alimkazia macho. Nilidhani atamrushia kiatu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii kicheko kilitoka, kikatoka mpaka akakohoa, mpaka akaweka kichwa mezani. Alipokiinua, macho yake yalikuwa na machozi, na sikujua ni ya kicheko au ya majonzi.

"Sasa," Manoy Crisanto alisema akivuta kiti, "mambo yako ni rahisi. Haliya si ana barakoa? Mpake barakoa ya dhahabu juu ya uso. Umemaliza. Hakuna atakayejua kilichoko chini."

Baba akatikisa kichwa. "Mimi nilishamfunika mara moja, Santo. Nilisimama pale makaburini nikaona wakifunga kifuniko. Simfuniki tena."

Manoy Crisanto akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika baba bega.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nikasema, "Basi ashike barakoa mkononi. Amevua. Uso tunaupaka upya. Makopo nitakupa mimi."

"Wewe hujawahi kuchanganya rangi maishani mwako."

"Mama alikuwa amewahi, kabla ya Bikira anayeumwa?"

Baba alinitazama. Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa. "Fina, mama yako alikuwa rangi gani hasa?"

Ungedhani ni jambo jepesi. Kahawia, ningesema, kama sisi sote. Lakini Jumatatu asubuhi, nilipochukua ruhusa zahanati na kusimama mbele ya ndoo, kahawia niliyokuwa nayo ilikuwa rangi ya mlango. Haikuwa rangi ya mtu. Picha za mama tulizonazo zimepauka, kwenye moja yuko mweupe na kwenye nyingine yuko mweusi. Mwisho niliukunja mkono wa blauzi yangu nikauweka mkono juani, kwa sababu watu husema mimi na mama tulikuwa ngozi moja. Nikaanza kutafuta. Nilitia manjano kwenye kahawia. Nilitia nyekundu kidogo ya geti la Kapitana. Ikawa ya tofali. Nikatia nyeupe, ikawa ya mgonjwa.

"Unaona nini?" baba aliuliza kutoka juu.

"Naona uji."

"Mama yako siku ya kwanza alisema hivyohivyo."

Watu walianza kusogea. Manay Pacing alikuja na sinia lake kichwani, akalitua, akawa hajui aangalie wapi. "Manoy, ulimi wangu huu jana," alisema. "Unakimbia mbele yangu."

"Umeniuzia vitumbua miaka ishirini, Pacing. Ulimi wako naujua."

"Basi niwape mkono wangu. Nunsing alinizidi weupe kidogo tu."

"Kidogo?" Manoy Crisanto alisema. "Nunsing alikuwa kama chai yenye maziwa. Wewe Pacing ni chai bila maziwa."

"Wewe ni masizi ya sufuria, nani amekuita?"

Ikawa vurugu ya mikono. Wanawake waliosali rozari pamoja naye, msichana wa chuo, Kapitana, binamu zake mama wawili waliotoka ng'ambo ya mto, wote wamekunja mikono ya nguo wanainyoosha juani kuzunguka ndoo, wanabishana. Huyu alikumbuka mama akiwa anaanika katani, huyu akiwa mjamzito, huyu kwenye ngoma ya harusi ya fulani. Kila mmoja alikuwa na mama yangu wake, wa weusi wake. Mimi nilichanganya na kusikiliza. Kufikia saa tano nilikuwa nimepata kitu ambacho, nilipokipaka kwenye kiwiko changu, kilipotea. Hukuweza kujua rangi imeishia wapi na ngozi imeanzia wapi. Nilipandisha ndoo kwa kamba.

"Hii hapa, baba."

Aliichovya brashi. "Rangi nipe wewe," alisema. "Nuru na kivuli niachie mimi." Na hapo nilijua kwa nini madereva walikuja hata kutoka Sorsogon ya mbali kumtafuta. Alichokosa kwenye rangi alikuwa nacho kwenye mwanga. Aliona wapi shavu linapokea jua na wapi linaliachilia, aliona kope inavyotupa kivuli chake. Aliniomba "nyepesi zaidi," "nzito zaidi," nikampa. Siku mbili hatukusema maneno mengi.

Alipaka kwa tabaka nyembamba, na jioni ya pili niligundua jambo. Ile kijani ya kwanza ilikuwa inapenya kidogo chini ya taya na pembeni mwa macho, na badala ya kuharibu, ilifanya ngozi ionekane ina damu ndani yake, inapumua. Nilimwambia.

"Inaonekana vibaya?"

"Inaonekana kama mtu aliye hai."

"Basi iache," alisema.

Siku ya sikukuu watu walikuja kutoka vitongoji vyote. Bendi ilipiga mbele ya joka, watoto wakapanga foleni kupigwa picha ndani ya mdomo wa Bakunawa. Mama yangu mdogo wa Naga, dada yake mama, aliteremka kwenye basi na mfuko wa machungwa, hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alitembea kando ya ukuta akiangalia miezi, akafika katikati, akasimama. Machungwa yakamtoka. "Nunsing," alisema, "umefanya nini huko juu?" Kisha akakaa chini kwenye nyasi, na baba akaenda kukaa karibu naye. Wakala machungwa mawili matatu pamoja wakimtazama.

Kapitana alipopewa kipaza sauti alimsifu fundi, vijana na waliotoa rangi. Baba akaomba aseme neno. Alisema, "Mimi sioni nyekundu wala kijani. Ukitaka kujua rangi, muulize binti yangu." Akarudisha kipaza sauti. Watu walipiga makofi, na Manoy Crisanto akapiga kelele kwamba jogoo je, ikabidi hadithi hiyo isimuliwe upya kwa bendi nzima.

Tangu hapo hatujapumzika sana. Shule ya kitongoji cha pili inataka Tikbalang, yule jini mwenye kichwa cha farasi, kwenye ukuta wa maktaba. Jumamosi zangu zote ziko huko. Juzi tumegombana kutwa kuhusu manyoya yake, mimi nikisema ndoo niliyompa ni nyeusi na yeye akisema ni buluu, na kusema kweli alikuwa sahihi yeye, nilikuwa nimeshika ndoo isiyo yenyewe. Alinicheka hadi wakati wa chakula. Tukakaa kwenye kivuli cha jukwaa, tukafungua wali na samaki, na mwalimu mkuu akatuletea maji ya nazi.